Mwulizeni alivyoutunga, msimwulize ni nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikera tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, siku ambayo gazeti lenu lilinifikia hapa Mafinga saa tisa alasiri, kama ilivyo kawaida yake, likiwa ndani ya furushi lililoshushwa na basi la kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Gazeti huanza kulisoma kwa kurasa za nyuma, michezo kwanza, kisha burudani, na siasa huiachia usiku makaa yakiwa yameshika vizuri jikoni, kwa kuwa baridi ya Mufindi msimu huu haimruhusu mtu wa umri wangu kukasirika bila moto karibu. Safari hii nilikasirika mapema, nikiwa bado kwenye burudani.

Mliandika habari za kijana wa Mbeya anayepiga gitaa na kuimba kwa mtindo wa kantri, ambaye wimbo wake wa kwanza kuchezwa redioni umeanza kumtoa. Kichwa cha habari kilinifurahisha. Wimbo wenyewe naufahamu, kwani mjukuu wangu wa kidato cha tatu aliucheza kwenye simu yake tukiwa tunamenya viazi, nami nikamwambia aurudie, jambo ambalo halijatokea mara nyingi nyumbani kwetu. Kijana anaimba habari za msichana walioachana, na anaziimba kwa sauti ya chini, bila kumlaani mtu. Basi nikaisoma habari yenu nikitaka kujua kama gitaa lile hulipiga kwa vidole au kwa kipande cha plastiki, ule ubeti wa pili aliupata wapi, na nani alimrekodia. Sikupata. Nilichopata ni aya 11, nilizihesabu kwa mazoea ya kazi, na 9 kati ya hizo zilimhusu huyo msichana. Sitarudia mliyoyaandika juu yake, maana kuyarudia ni kuyachapa mara ya pili. Itoshe kusema kwamba mtu yeyote anayeijua Mwanjelwa angeweza kwenda kumtazama siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na sina shaka kwamba wapo waliokwenda.

Ombi langu kwenu ni dogo, na nitalisema mapema ili msomaji asiye na muda aendelee na shughuli zake: msanii anapotoka kwa wimbo wa kuachana na mpenzi wake, mwulizeni alivyoutunga, msimwulize ni nani. Kwa atakayebaki, nitaeleza sababu.

Nitachukua mfano wa mtu ambaye wajukuu wangu wanamjua kuliko wanavyonijua mimi. Taylor Swift alizaliwa Desemba 1989 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na alipokuwa na umri wa miaka 14 familia yake ilihamia Hendersonville, mji ulio jirani na Nashville, ambako ndiko nyumbani kwa muziki wa kantri. Akiwa mwaka wa kwanza wa sekondari alikuwa na mpenzi aliyekuwa mwaka wa mwisho, na alijua kwamba mwaka wa masomo ukiisha kijana yule ataondoka kwenda chuo na uhusiano wao utaishia hapo. Wimbo wa kuagana naye aliuanza akiwa darasani, katika kipindi cha hesabu. Nilipoambiwa habari hii mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Kwa miaka 34 nilisimama mbele ya ubao nikiwa nimewapa wanafunzi mgongo, na sasa najiuliza ni nyimbo ngapi zilitungwa nyuma yangu wakati nikihangaika na vipeo vya pili.

Wimbo huo hakuumaliza peke yake. Nashville watunzi hukutana kwa miadi, kama vile sisi tunavyokwenda kwa fundi cherehani kupimwa: saa fulani, chumba fulani, watu wawili, gitaa au piano, na ikifika jioni ama kuna wimbo ama hakuna. Msichana huyu alikuwa akitoka shule anakwenda kukaa na mtunzi mwenye umri wa kuwa mama yake, Liz Rose, na ndiye waliyeukamilisha naye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho ukurasa wenu wa burudani haukukiona. Binti wa umri ule ana maumivu mengi na maneno mengi mno, na anayemsaidia kutunga hana haja ya kujua jina la kijana. Ana haja ya kujua ni neno gani libaki na lipi liondoke.

Sasa tazameni kilichobaki. Wimbo unaitwa "Tim McGraw", na hilo si jina la mpenzi aliyeondoka. Ni jina la mwimbaji maarufu wa kantri ambaye binti yule alikuwa akimpenda, na anachoomba ni kwamba yule kijana, kila atakapomsikia mwimbaji huyo akiimba, amkumbuke yeye. Kwa maneno mengine, jina pekee lililotajwa katika wimbo mzima ni la mtu asiyehusika kabisa na kuachana huko. Mhusika hana jina. Alicho nacho ni pikapu, tena pikapu yenye tabia ya kukwama usiku kwenye njia za vijijini, na hapo mtu yeyote aliyewahi kushuka kusukuma gari kwenye barabara ya Mgololo wakati wa masika ameshaelewa kila kitu bila kufasiriwa. Kuna mwezi unaomulika ziwa, kuna gauni jeusi, kuna suruali ya jinzi iliyopauka. Kuna barua ambayo aliyeandikiwa hakuisoma, na sasa imehifadhiwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Barua hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoubeba wimbo, maana pikapu ni ya kijana mmoja wa Tennessee, lakini barua isiyosomwa kila mmoja wetu anayo yake.

Jina la kijana yule magazeti ya kwao yalikwisha kulitafuta na kulichapa zamani. Nililiona mahali, nikalisahau, na kusahau kwangu hakukuupunguzia wimbo hata noti moja.

Ukatolewa kama singo tarehe 19 Juni 2006, mwimbaji akiwa na miaka 16, kupitia Big Machine, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Yeye na mama yake walikaa wakitia CD kwenye bahasha na kuzituma kwenye vituo vya redio vya kantri. Napenda sana picha hiyo ya mama na binti na rundo la bahasha, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe: machozi yalikwisha kukauka kitambo, na sasa kuna gundi na anwani za kuandika. Wimbo ulifika nafasi ya 6 katika chati ya nyimbo za kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na nafasi ya 40 katika chati yao kuu ya nyimbo 100. Mei 2007, kwenye hafla ya tuzo za Academy of Country Music mjini Las Vegas, aliuimba mbele ya Tim McGraw mwenyewe aliyekuwa ameketi ukumbini, kisha akamwendea na kujitambulisha, maana walikuwa hawajawahi kukutana. Mwandishi angeweza kujaza ukurasa mzima kwa habari hizo tu, na wote waliotajwa wangelala usingizi mzuri.

Huenda mtu akashangaa mzee wa Mufindi anajua nini kuhusu kantri. Barabara kuu ya Zambia inapita hapa mlangoni, na muziki huo kwetu ulikuja kwa malori kabla haujaja kwa simu. Miaka ya 1980 madereva waliokuwa wakilala Mafinga na Makambako walikuwa na kanda za Jim Reeves na Don Williams, na sisi walimu vijana tulikuwa tukiziazima usiku mmoja, tunazinakili kwenye redio mbili zilizowekwa uso kwa uso, chumba kizima kikiwa kimya, mtu akipiga chafya basi chafya yake inabaki kwenye kanda mpaka leo. Jim Reeves alikuwa amekufa tangu Julai 1964 kwa ajali ya ndege, lakini kwetu alikuwa ndiyo kwanza anafika. Don Williams yeye alikuja Afrika kwa miguu yake. Mwaka 1997 aliimba Harare na onyesho hilo likarekodiwa. Kwa nini muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani uliwaingia watu wa nyanda za juu kiasi kile, sijui kama ni baridi, au ni mashamba, au ni kwa sababu katika nyimbo zile kila mara kuna mtu anayeondoka kwa barabara, na huku kwetu kila nyumba ina mtu aliyeondoka kwa barabara.

Katika kanda hizo ulikuwemo wimbo ambao nadhani ndio hoja yangu ilipojificha. Skeeter Davis aliurekodi mwaka 1962, unaitwa "The End of the World", na mwaka 1963 ulifika nafasi ya 2 katika chati kuu ya Marekani na kumfanya ajulikane mbali zaidi ya wapenzi wa kantri. Tuliusikiliza tukiamini, kama dunia nzima ilivyoamini, kwamba ni kilio cha mwanamke aliyeachwa. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akifundisha jiografia aliachwa na mchumba wake katika miaka hiyo ya kanda, akaucheza wimbo huo mpaka utepe ukalegea, ikabidi tuuzungushe kwa kalamu ya biki kila jioni. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Sylvia Dee, aliyeyaandika maneno yale, aliyatoa kwenye huzuni ya kufiwa na baba yake. Fikirini kama siku ile mwandishi angemwendea akamwuliza jina la mwanamume aliyemwacha! Angeuliza swali lisilo na jibu, na huenda angelipata jibu hivyo hivyo, kwa kuwa majirani hawakosi jibu.

Dolly Parton naye ni vivyo hivyo. "I Will Always Love You", uliotoka mwaka 1974 na kushika namba 1 katika kantri, aliutunga kumuaga Porter Wagoner, mwanamume aliyekuwa akiimba naye kwenye kipindi cha televisheni tangu mwaka 1967. Walikuwa wakiachana kikazi. Whitney Houston alipouimba upya mwaka 1992 ulikaa kileleni wiki 14, na kuanzia hapo umekuwa ukipigwa kwenye sherehe zetu wakati maharusi wakikata keki, ilhali ni wimbo wa mtu anayefungasha mizigo. Pale unapofaa kweli ni kwenye sendoff, na ninawashauri washereheshaji wa Iringa walizingatie hilo.

Najua nitajibiwa kwamba wasanii wenyewe ndio wanaochokoza, na jibu hilo si la kupuuzwa. Swift huyo huyo, kwenye vijitabu vya maneno vilivyoambatana na albamu zake za mwanzo, alikuwa akiweka herufi kubwa mahali pasipostahili, na msikilizaji akizikusanya anapata ujumbe uliofichwa. Alitaka watu wakisie. Sisi nasi tunalo hilo tangu zamani. Taarabu, tangu enzi za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, imeishi kwa mafumbo. Mwimbaji anaimba habari za ua au ndege, na ukumbini kuna mwanamke mmoja anainuka kwenda kutunza huku akimtazama mwingine kwa pembe ya jicho, na wote wanajua, au wanadhani wanajua. Hata Diamond Platnumz, kwa "Kamwambie", wimbo uliomfungulia milango na kumpatia tuzo za Kilimanjaro za mwaka 2010, hakusema na mpenzi wake wa zamani ana kwa ana. Alimtuma mtu, kama jina la wimbo linavyojieleza. Kumtuma mjumbe ni adabu ya zamani ya Kiswahili, na sehemu ya utamu wake ni kwamba msikilizaji anajikuta ndiye aliyetumwa.

Kwa hiyo sikatai watu kukisia. Hata mimi hukisia. Ninachosema ni kwamba fumbo lina uhai mradi tu jibu lake halijachapwa. Yule aliyeinuka ukumbini anaweza kesho kukana, na aliyetazamwa anaweza kesho kusema hakuwa yeye, na maisha ya mtaani yanaendelea. Gazeti likishaandika, hakuna wa kukana, na nakala zake zitafungiwa vitumbua mpaka mwaka ujao huku jina la binti wa watu likisomeka kwenye mafuta. Msanii anaweza kuwa amechagua kuimba. Yule wa upande wa pili hakuchagua kitu; hana gitaa, hana redio, na hata akiwa na maelezo yake yanayotofautiana kabisa na ya ubeti wa kwanza, hana kiitikio cha kuyaimbia. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi na familia yake. Sioni mahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo inakoma pindi mtu uliyekuwa naye zamani anapojifunza kupiga gitaa.

Upo pia upande wa kazi yenu, ambao kwangu una uzito kuliko sheria. Habari ya nani kamwacha nani haina maisha marefu. Baada ya wiki mbili ataachwa mwingine. Lakini habari ya jinsi wimbo ulivyotengenezwa mtoto wa Rungwe au Ludewa anaweza kuikata na kuibandika ukutani. Kijana wenu wa Mbeya ana ubeti mmoja ambao ndani yake anarudisha sweta. Anaimba kwamba alilikunja, akalifungua, akalikunja tena kwa namna msichana yule alivyokuwa akilikunja, ndipo akalipeleka. Ni sweta tu, na ndilo lililonifanya nimwambie mjukuu wangu aurudie wimbo. Kwa nini mwandishi wenu, aliyepata bahati ya kukaa naye uso kwa uso, hakumwuliza kama sweta lilikuwemo tangu mwanzo au liliingia baadaye, ni maneno gani yaliyokuwa mahali pale kabla ya sweta, nani alimwambia ayaondoe, kwa nini kiitikio hakimtaji mpenzi kabisa bali kinataja baridi, na ilikuwaje mtangazaji wa redio akakubali kuucheza wimbo wa gitaa moja wakati vijana wote wa mji ule wanapeleka midundo ya kompyuta? Mjukuu wangu ananiambia sweta ndilo alama ya kumtambua msichana, kwamba lazima liwe la shule fulani. Nilimkatalia. Halafu nikagundua kwamba nimemkatalia kwa ukali kuliko kosa lilivyostahili, na hapo ndipo nilipojua kwamba barua hii nitaiandika.

Mwaka 1991 nilikuwa nikifundisha kidato cha pili katika shule moja ya wilaya hii. Nilikuwa naandika milinganyo ubaoni, na nilipogeuka nikamwona msichana mmoja wa safu ya tatu anaandika wakati mimi sijamaliza hata mstari. Nikaenda nikachukua daftari. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu, na hesabu zake zilikuwa safi. Kurasa za nyuma kulikuwa na shairi, beti nne, juu ya mtu aliyeondoka asubuhi ya ukungu bila kugeuka nyuma. Ningeweza kulifunga nikamrudishia. Badala yake nilirudi mbele ya darasa nikalisoma kwa sauti, tena kwa madoido, nikivuta vina kama mghani wa sherehe za Saba Saba, na wavulana wakapiga madawati na kuuliza, "Nani huyo?" Nami, Mungu anisamehe, nilipomaliza ubeti wa nne nilimgeukia nikasema, "Haya, tuambie, ni nani?"

Hakujibu. Alikuwa amevaa sweta la kijani la shule, mkono wa kushoto umefumuka uzi kwenye kifundo, naye alikuwa akiuvuta uzi ule taratibu, bila kuutazama, mpaka ukafika urefu wa shubiri, kisha akauzungushia kidole. Nikamrudishia daftari, nikaendelea na milinganyo. Ijumaa nilipokusanya madaftari kusahihisha nikakuta hesabu zote zimefanywa na zote ni sahihi, na kule nyuma kurasa mbili zimekatwa kwa wembe, kwa unyoofu kabisa, zimebaki pindo mbili nyembamba zikishikiliwa na pini ya katikati. Nilimpa alama zake zote. Sikuwahi kumwona tena akiandika kabla sijamaliza mstari.

Miaka 24 baadaye, mwaka 2015, nilikuwa stendi ya Makambako nikisubiri basi la kurudi nyumbani, upepo wa pale mnaujua, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, na nilipomtazama nikamfahamu. Aliniuliza kama bado nafundisha hesabu, nikamwambia nimestaafu mwaka wa pili sasa. Nikamwuliza habari za mtoto, akasema ni wa tatu huyu. Akaninyanyulia mfuko wangu wa viazi na kunipandishia ndani ya basi kabla sijamkataza. Kondakta alikuwa akigonga bodi, na dirisha lilikuwa wazi, naye amesimama pale chini akimfunika mtoto kitenge asipigwe na upepo, na mimi nilikuwa na jambo mdomoni la kumwambia. Naona aibu kuliandika, Ndugu Mhariri, lakini halikuwa la kumwomba radhi. Lilikuwa swali, na lilikuwa ni lile lile la mwaka 1991. Basi likaondoka kabla sijaliuliza.

Wako katika usomaji,

Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa